Sili Haikuwa na Kosa

Jumatatu, 6 Mei

Gari la mkunga limechemka tena. Wapita njia wawili wamelisukuma mpaka mlangoni kwetu, na yeye mwenyewe alikuwa akitembea kando, mkono mmoja umepita dirishani umeshika usukani, kama anayeongoza ng'ombe mgonjwa. "Fundi," akaniambia, "watoto wangu hawajui kusubiri. Wakitaka kuzaliwa, wanazaliwa. Nifanyie haraka."

Nimekuta themostati imekwama. Ni kidude kidogo, kama mlango, kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Dukani hakuna ya gari lile. Nimeitoa, nikafunga bila kitu. Mafundi wengi hufanya hivyo. Maji sasa yanapita moja kwa moja, gari limepoa, mkunga ameondoka akipiga honi ya furaha. Mjomba hakuwepo. Alikwenda kung'oa jino.

Jumanne, 7 Mei

Mjomba amerudi na shavu limevimba kama ameficha yai. Redio, fundi wetu wa rangi, amesema pole zake nyingi zitapotea bure kwa sababu mjomba hasemi hata akiwa na meno yote. Redio tulimpa jina hilo kwa kuwa hazimiki.

Jumamosi, 18 Mei

Baridi imefika. Asubuhi spana zinauma mkono kama zina meno.

Jumatano, 29 Mei

Mkunga amerudi. Gari linavuja oili, na kila anapoegesha linaacha duara jeusi chini, pale injini inapokutana na giaboksi. "Tena asubuhi linanuna," alisema. "Nazungusha ufunguo linakohoa weee. Na ile feni ya joto inanipulizia baridi mpaka magoti yanagongana."

"Ni msimu, Mama Mkunga," nikamwambia. "Hata sisi binadamu tunanuna."

Nilipofungua kifuniko cha kuwekea oili nikakuta tope chini yake, povu zito la rangi ya kahawa yenye maziwa. Tope la namna hiyo likionekana, fundi anafikiria kwanza gasketi ya silinda hedi, kwamba maji yanaingia kwenye oili. Lakini maji ya rejeta hayakupungua hata kidogo. Mkunga anakwenda safari fupi fupi, nyumba hadi nyumba, na baridi hii. Unyevu unaingia ndani ya injini, haupati moto wa kuutoa, unachanganyika na oili. Nikasema ni baridi tu. Nimebadilisha oili. Mjomba ameshusha giaboksi na kuweka sili mpya ya nyuma ya kranki, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pale chuma kinapozunguka. Ya zamani ilikuwa imekauka ukingoni. Kazi imekwisha.

Niandike hapa kuhusu mjomba, maana leo nilimtazama sana akiwa chini ya gari. Ni mdogo wake mama. Baba alipokufa akaacha gereji na mimi ndani yake, kila mtu alisema tuiuze, msichana hawezi. Mjomba hakusema kitu. Alikuja kesho yake na ovaroli yake, akanikabidhi spana, akasema, "Anza na hii." Wakati huo alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni. Akaacha. Mkewe aliyekuwa amemfukuza akamrudisha nyumbani. Tangu hapo hajagusa tone, na mimi nimeijua kazi hii yote kutoka mikononi mwake.

Alhamisi, 30 Mei

Hakuna jipya. Baridi.

Jumatatu, 10 Juni

Gari la mkunga limevuja tena. Sili ile ile mpya! Nimeona aibu mbele yake. Mkunga hakusema neno baya, alisema tu, "Fundi, mimi nikishona mtu hafumuki," na hilo likaniuma kuliko tusi.

Mjomba ameshusha giaboksi tena. Mikono inamtetemeka. Nilisema ni baridi, lakini mimi pia nilikuwa kwenye baridi ile ile na yangu haikutetemeka. Alipoitoa sili aliigeuza geuza, akaipitishia kidole gumba ukingoni.

"Sili hii haijafa, mama," akasema. "Inasukumwa."

"Inasukumwa na nani, mjomba? Majini?"

Redio akacheka kwa sauti. Mjomba akatazama chini, akachukua sili nyingine akaendelea. Nilipoinama kumsaidia kubeba giaboksi nikasikia harufu kwenye kola yake. Kali. Spiriti. Enzi zile, pombe ikimwishia, alikuwa anakunywa chochote chenye moto ndani yake, spiriti ya kusafishia vidonda ikiwemo. Mama aliwahi kumkuta nayo.

Mjomba alipokwenda kunawa Redio akanisogelea. "Umenusa? Mimi nimenusa tangu juzi."

Jumatano, 12 Juni

Nyuma ya rafu ya betri nimekuta chupa bapa, imefungwa kwa kitambaa, nusu imekwisha. Spiriti. Nimeirudisha ilipokuwa. Sikumwuliza. Nimekaa nayo moyoni kutwa nzima, na kila alipopiga chafya nilimtazama kama mwizi.

Ijumaa, 14 Juni

Mjomba alitaka kuniambia kitu kuhusu gari la mkunga. "Lile povu," alianza, "ukiliangalia vizuri..." Nikamkatiza. Nikasema lori la mchanga linasubiri breki. Akaenda.

Alhamisi, 20 Juni

Siku mbaya. Nitaandika yote ili nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi kulikuwa na sakitu, majani meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Mkunga aliitwa kwa mama mmoja anayekaa juu ya kilima, kupita kiwanda cha mbao. Uchungu wa kwanza, mtoto wa kwanza. Akawasha gari, likakohoa, likawaka, akapanda kilima. Nusu ya njia taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilimfundisha mwenyewe, taa hiyo ikiwaka zima injini hapo hapo hata kama uko katikati ya daraja. Akazima. Nyuma yake barabara yote ilikuwa na mstari mweusi. Sili imeachia, oili yote imemwagika.

Akachukua begi lake akapanda kwa miguu, mwanamke wa umri wa mama yangu, kwenye barafu ile. Alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa, mama mkwe ndiye aliyempokea. Mtoto salama. Mama yake alikuwa anavuja damu, na waliokuwepo hawakujua la kufanya. Mkunga alifanya alichoweza, kisha wakampakia kwenye lori la mbao mpaka hospitali. Mpaka ninapoandika hatujui atakuwaje.

Yote haya mkunga alinieleza akiwa amesimama mlangoni pa gereji, mikono bado ina damu iliyokauka kwenye kucha. Hakunipigia kelele. Alisema, "Ningefika mapema ningeizuia pale pale. Ni jambo la dakika, Fundi. Kazi yetu ni ya dakika."

Nikasema, na Mungu ananisikia ninavyoliandika neno hili: "Mama Mkunga, nisamehe. Fundi wangu alikuwa amelewa."

Mjomba alikuwa nyuma yangu. Nilijua yuko pale.

Mkunga akamtazama kutoka juu hadi chini, akaondoka. Ndipo nikageuka. Nilitaka aseme kitu, akane, agombe, anitukane. Alikuwa amekunja kitambaa mkononi, anakikunjua, anakikunja.

"Umeniona nakunywa?" akauliza.

"Nimenusa. Nimeiona chupa. Redio pia amenusa."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa kimya.

"Haya," mjomba akasema. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri kama nguo ya kwenda mahali, akaiweka juu ya benchi. "Ile sili nimeiweka sawa, mama. Tafuta kinachoisukuma."

"Nenda nyumbani, mjomba. Ukipata nafuu tutazungumza."

Ukipata nafuu! Kama ninayesema na mgonjwa. Akatoka bila koti.

Ijumaa, 21 Juni

Mkewe alikuja. Alitaka kujua kwa nini mumewe amerudi mapema jana na amelala akitazama ukuta. Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia. Nilijiambia ni haki yake kujua, yeye ndiye aliyeteseka zamani. Alisikiliza akiwa amesimama wima, kisha akauliza swali moja tu: "Una hakika, mwanangu?"

Nikasema nina hakika.

Jumapili, 23 Juni

Mkewe amemtoa nje. Mama ndiye aliyeniletea habari. Amepata kibarua cha ulinzi kwenye kiwanda cha mbao, analala kwenye kibanda cha mashine. Yule mzazi bado yuko hospitali, anaongezewa damu.

Mama alikuwa anakunja nguo zangu alizofua. Hakunitazama. "Ulimwona mdogo wangu anakunywa?"

"Ananuka spiriti, mama."

"Mimi nanuka oili kila nikikufulia. Ni fundi mimi?"

Akaacha nguo pale pale, nusu zimekunjwa, akaenda chumbani.

Jumatano, 26 Juni

Baridi. Wateja wachache. Redio amefungulia redio halisi ili asilazimike kusema na mimi.

Ijumaa, 28 Juni

Gari la mkunga lililovutwa hapa kutoka kilimani leo nimelifungua mwenyewe. Alizima mapema, injini imepona. Nilishusha giaboksi peke yangu kwa jeki na mbao na matusi. Nilitaka kuona jinsi mlevi anavyofunga sili. Ndiyo, nilitaka kuona. Nilitaka nipate ushahidi nipumue.

Sili ilikuwa imesukumwa nje, imekaa upande kama kofia ya mtu aliyekimbia. Lakini ukingo wake ulikuwa mzima, hauna mkwaruzo wa bisibisi. Na tundu inapokaa lilikuwa limesafishwa, lilikuwa linang'aa. Mtu mwenye mikono ya ulevi hafanyi hivi. Nikajiambia labda siku ile hakuwa amelewa sana. Unaona jinsi mtu anavyong'ang'ania uongo wake?

Nikachukua sili mpya. Kwanza nifute utelezi wa oili kwenye tundu, maana sili ikiwekwa kwenye utelezi haishiki. Nikatumia kitambaa kikavu, utelezi ukabaki. Nikatumia mafuta ya taa, yakaacha utelezi wake yenyewe. Petroli, katika baridi hii, inakausha ngozi mpaka inapasuka, na vidole vyangu vilikuwa vimeshapasuka. Nikasimama pale nikifikiria ni kitu gani kinaondoa oili kisha kinakauka chenyewe bila kuacha alama.

Nilikwenda nyuma ya rafu ya betri. Chupa ilikuwepo. Kitambaa kilichoifunga kilikuwa cheusi kwa oili, kimefutiwa na kufutiwa tena. Nikamwagia kidogo, nikafuta tundu. Likawa kavu, linang'aa, kama alivyoliacha yeye. Mikono yangu ikanuka. Kola yangu ikanuka, kwa sababu ukilala chini ya gari na kufuta kitu kilicho juu yako, kinakudondokea shingoni.

Nikakifunga kitambaa tena kwenye chupa, nikairudisha ilipokuwa.

Kisha nikafanya kazi, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikafunga sili, nikarudisha giaboksi, nikajaza oili, nikawasha, nikaiacha injini ingurume. Baada ya muda tone la kwanza likaanguka. Sili mpya, imewekwa na mimi, sijanywa hata chai. Tone. Tone.

"Inasukumwa." Nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, pumzi ikanipiga usoni kama mtu aliyebanwa. Nikachukua glavu ya plastiki nikaivalisha pale mdomoni, ikajaa, vidole vitano vikasimama vikinielekea. Injini yoyote ina upepo ndani yake, na upepo huo una njia yake, mpira mdogo wa kupumulia unaopanda kutoka kwenye kifuniko cha injini. Nikauchomoa ule mpira. Umeziba. Tope lile lile la kahawa na maziwa, limeganda ndani mpaka mwisho, zito, nililitoa kwa waya vipande vipande. Injini ilikuwa haipumui. Upepo ukakosa mlango, ukatafuta mahali palipo dhaifu zaidi, ukaisukuma sili. Ungeweza kuweka sili mia, zote zingetoka.

Nilipousafisha ule mpira na kuurudisha, tone likakoma.

Lakini tope lote lile limetoka wapi? Safari fupi na baridi, ndiyo, lakini watu wengi wana safari fupi na baridi. Nikashika bomba la maji. Injini ilikuwa imeunguruma tangu mchana, na bomba lilikuwa vuguvugu, maji ya kumwogeshea mtoto. Injini hii haijawahi kupata moto msimu huu wote. Ndiyo maana feni yake ilipuliza baridi. Aliniambia mwenyewe, nikamtania. Haikupata moto kwa sababu hakuna cha kuyazuia maji, na hakuna cha kuyazuia maji kwa sababu mimi nilikitoa na kukitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

Si baridi. Si sili. Si mjomba.

Jumamosi, 29 Juni

Nimekwenda kwa mke wa mjomba. Nilimwambia yote mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilimweleza mpira, tope, spiriti, themostati. Nadhani hakuelewa nusu yake, na haikuwa lazima.

"Nilikuuliza kama una hakika," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimeishi na yule mtu akiwa mlevi na akiwa mzima. Nilimnusa jioni zote. Najua anavyonuka akinywa. Siku hizo zote sikunusa pombe, lakini ulipokuja na hakika yako, nikaiacha pua yangu nikashika mdomo wako." Akajifuta macho kwa hasira, kwa nyuma ya mkono. "Sina wa kumlaumu. Ondoka, nivae viatu."

Nilitaka kufuatana naye. Akanikataza kwa kidole.

Jumapili, 30 Juni

Amekunywa.

Mkewe alimkuta jana kibandani amelala juu ya maranda, chupa mbili tupu kando yake. Leo nami nimekwenda. Alikuwa amekaa, macho mekundu, ndevu zimeota. Nilipiga magoti kwenye maranda, nikaanza kusema niliyokuwa nimeyapanga njia nzima.

"Mpira wa kupumulia," akanikatiza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Ulikuwa umeziba?"

"Ulikuwa umeziba, mjomba. Na mimi ndiye niliyetoa themostati."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama fundi anayesikia jibu alilolitarajia. Kisha akasema, "Usiku wa kwanza hapa sikunywa. Wa pili sikunywa. Nikajiuliza, unajizuia kwa ajili ya nani? Nyumbani wanajua umelewa, gerejini wanajua umelewa, mkunga anajua. Umeshalipia, sasa kwa nini usile?"

Nilimsingizia mtu ulevi mpaka akalewa.

Jumatano, 3 Julai

Nimempelekea mkunga gari lake. Themostati mpya imekuja kutoka mji wa pili, nimeifunga, joto linapanda vizuri, feni inapuliza moto. Nilimkabidhi ufunguo, kisha nikamwambia ukweli wote mbele ya watu waliokuwa wanasubiri barazani kwake, kwa kuwa uongo nao niliusema hadharani.

Akaupima ufunguo kiganjani. Kisha akasema, "Ingia garini."

Alinipeleka mpaka nyumba ile ya kilimani. Yule mama amerudi kutoka hospitali. Amekaa kitandani, midomo bado haina rangi, mtoto amelala kifuani kwake kama mzigo mdogo wa nguo. Mkunga akamwambia, "Huyu ndiye fundi." Basi. Hakuongeza. Ikabidi niongeze mwenyewe.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho. Ni mdogo, mdogo kuliko mimi. Akasema, "Sikumbuki mengi. Nakumbuka mkwe wangu anapiga kelele, 'Mkunga yuko wapi?'" Akamrekebishia mtoto kofia. "Sasa najua alikuwa wapi."

Njiani kurudi nilimwomba mkunga anisamehe. Akasema ataniletea gari likiharibika, kwa sababu najua sasa kitu ambacho mafundi wengine hawajakijua. "Kuhusu mengine," akasema, "mpe mtu muda." Akabadilisha gia.

Jumatatu, 8 Julai

Mjomba bado anakunywa. Mkewe anampelekea chakula kibandani na kukaa naye mpaka amalize. Mama naye amekwenda. Mimi nikifika anageukia ukuta.

Jumanne, 16 Julai

Mkewe amemrudisha nyumbani. Anatapika, anatetemeka, hana chupa. Mama anasema anamwita baba yangu usingizini.

Jumatano, 24 Julai

Redio amekuja kwangu asubuhi amevua kofia. "Mimi ndiye niliyesema nimenusa tangu juzi," akasema. "Nilikuwa sijanusa kitu. Nilisema tu kwa sababu wewe ulikuwa umeshanusa." Nikamwambia hukumu ilikuwa yangu, si yake. Tumekaa kimya pamoja, jambo ambalo kwake ni kubwa.

Jumatatu, 5 Agosti

Amekuja! Alisimama getini, amekonda, ovaroli imefuliwa. Sikujua kama nikimbie au nisimame. Yeye akamwita Redio kwanza.

"Njoo hapa uwe shahidi," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mpwa wangu, ulisema umeninusa. Basi utaninusa. Kila asubuhi, mbele ya huyu, kabla sijashika spana."

"Hapana, mjomba. Nakuamini."

"Hukuniamini nilipokuwa sijanywa. Sasa nimekunywa na nimeacha juzi juzi, unaniamini kwa lipi? Nusa."

Nikainama kwenye kola yake kama mtoto anayebusu mkono wa mkubwa.

"Sabuni," nikasema.

"Redio, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Akaingia kazini.

Jumanne, 6 Agosti

Sabuni.

Jumatano, 7 Agosti

Sabuni. Anatetemeka. Nimemsogezea pipa la moto, hakusema asante, lakini amekaa karibu nalo.

Ijumaa, 9 Agosti

Sabuni na kitunguu. Redio alicheka, na mjomba naye kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Jumatatu, 12 Agosti

Alichelewa. Nilisimama getini mpaka miguu ikafa ganzi. Alipofika akasema, "Jana ilikuwa ngumu. Nilifika mpaka mlango wa baa nikasimama hapo."

Sikuuliza. Alinyoosha shingo mwenyewe. Sabuni. Nilikwenda nyuma ya rafu ya betri nikalia, kisha nikarudi kufunga plagi.

Alhamisi, 15 Agosti

Sabuni. Mkunga amepita na kupiga honi. Mjomba alimjibu kwa kuinua spana.

Jumamosi, 24 Agosti

Baridi inaondoka. Leo spana zimelala mkononi bila kuuma.

Mwenye duka la viatu ameleta gari lake, linavuja oili. Nilipomsogelea mjomba kumnusa kama kawaida, aliweka kiganja kwenye paji la uso wangu akanizuia.

"Leo basi," akasema.

Papo hapo, kabla akili haijapata neno, moyo ulikuwa umeshamhukumu. Amekunywa. Amekunywa jana, ndiyo maana anakataa. Nilimtazama macho, nilimtazama mikono. Sijui uso wangu ulifanya nini, lakini yeye aliuona wote.

Hakukasirika. Aliondoa kiganja chake taratibu.

"Umeona?" akasema. "Nilikuwa nakupima. Bado."

"Nisamehe, mjomba."

"Nitakusamehe, mama. Lakini si leo. Tutaendelea mpaka siku nitakapokuzuia na wewe usishtuke." Akainama mwenyewe, kola ikanigusa pua. Sabuni.

Kisha akalala chali, akajisukuma chini ya gari la mwenye viatu. Nilimsikia akigonga gonga, akinung'unika. Mkono wake ukatokea pembeni, umefunguka, unasubiri. Nikaweka spana ndani yake kabla hajataja namba. Akaishika, akaipima kwa vidole, ikawa ndiyo, mkono ukarudi chini.

"Kwanza fungua kifuniko cha oili," sauti yake ikasema kutoka huko. "Uniambie unachokiona. Usiniambie unachokidhani."

Nikafungua. Nikaangalia vizuri. Nikamwambia.